Neno Lililobandikwa Kichwa Chini

Mhoja mlinzi ndiye aliyeligeuza.
Aliona karatasi nyekundu mlangoni pa jiko langu,
herufi yake miguu juu,
akasema watoto wa siku hizi hata gundi inawashinda,
akaibandua taratibu, akaiweka sawa,
akarudi kibandani kwa redio yake.

Yanmei alipoiona
alicheka mpaka akaketi kwenye gunia la unga.

Mimi ni mpishi wa bweni hili la Nyegezi, mwaka wa kumi na tisa.
Nimepikia Wahaya wanaoulizia ndizi,
Wajaluo wa Shirati wanaotaka samaki aje na kichwa chake,
Jignesh wa Rwagasore asiyekula kilichowahi kupumua.
Sikuwahi kuombwa jiko zima, usiku mzima,
ili mwaka uingie mwezi wa pili,
wakati wetu ulishaingia, ukachakaa.
Lakini aliomba kwa mikono miwili,
kama anavyopokea hata kijiko.

Basi tukakanda.
Mikono yangu ilitaka chapati. Yeye alikata vidonge,
akasukuma visahani vyembamba pembeni, vinene katikati:
"Tumbo liwe na nguvu, Mama Shija, ndilo linalobeba."
Kwao hutia nguruwe. Sisi tukatia sangara,
tangawizi, majani ya kitunguu;
Jignesh akapata sinia lake la kabichi na karanga.
Kokushubira alifinya mikunjo kumi na minane, akiihesabu kwa sauti.
Okinyi alifunga kama anafunga gunia la mkaa.
Ndani ya kimoja tukaficha sarafu ya mia mbili, imechemshwa;
atakayeing'ata, mwaka ni wake.

"Na ile karatasi?" nikauliza.

"Ni *fu*. Baraka. Tunaigeuza makusudi.
Kupinduka, kwetu, ni *dao*. Kufika nako ni *dao*.
Mpita njia akisema baraka imepinduka,
amekwisha kusema baraka imefika."
"Kama kaa la moto na kaa kitako!" Okinyi akadakia,
na jiko zima likacheka,
isipokuwa Kokushubira. Alinitazama mimi.

Yeye ni wa Bukoba. Anajua
kuna kitenzi ambacho Mwanza hatukichezei.
Asubuhi ile mji ulikuwa unaonekana kwa macho,
mawe yake yamebebana kama kawaida.
Kaka yangu Lubango alikuwa melini na mkungu wa ndizi
na viatu vyangu vya shule.
Nilikuwa darasa la sita.
Kilichopinduka, kwa lugha yangu, hakikufika.

Sikukusudia kumwambia. Nilishtukia nimeshasema.

Yanmei hakusema pole.
Alinawa unga, akachukua bakuli, akahesabu vinane,
akalaza vijiti juu yake, akaliweka
mahali mezani pasipo na kiti.
"Usiku huu wasiokuwepo huwekewa.
Hili la bibi yangu. Alikufa Harbin, mto umeganda,
magari yanapita juu ya maji. Mimi nilikuwa huku, nina mtihani."

Kwetu pia wafu tunawamwagia.
Ila mimi sikuwahi kujua nimwage wapi.
Ziwa ni kubwa.

Akachukua bakuli la pili.
"Kaka yako alikuwa anakula samaki?"

Swali gani hilo.
"Mpaka miiba," nikasema,
na kicheko kilichonitoka sikukifahamu,
kilikuwa cha mtu wa darasa la sita.

Sarafu aliing'ata Mhoja, ambaye hakualikwa,
aliyefuata harufu. Alilaani, akashika shavu,
wakampigia makofi; mpaka leo anadai jino.

Nilipomaliza masufuria walikuwa wamelala.
Bakuli mbili zilikuwa bado mezani, zimepoa. Sikuzigusa.
Nilikwenda mlangoni, nikaibandua karatasi.
Gundi yake ilishakauka,
nikatumia ugali wa jana.
Miguu juu, kichwa chini.
Mlango nikauegesha tu, sikuukomea,
na huko nje maji yalikuwa yakipiga mawe, polepole.

Asubuhi Mhoja atataka kuligeuza tena.
Nitamwambia aache.